Meya anataka nizime wimbo wa mpwa wangu kwa kodiani

Shangazi Olga, nakusalimu kwa heshima zote, mimi na nyumba yangu, na kabla hujanitupa chini ya rundo la wake wanaolalamikia waume walevi nakuomba unisome mpaka mwisho, maana Jumamosi inakuja na maji yamenifika shingoni.

Jina langu ni Radojko, mpiga kodiani wa Donja Jasenka, na usilifiche, lichape lilivyo, tena kwa herufi kubwa, kwa kuwa kutoka hapa mpaka mpakani hakuna bibi harusi ambaye sikumpigia alipotoka kwa baba yake, na wengine niliwapigia mara mbili, kwa waume tofauti. Shule niliiacha mapema, mwalimu alisema vidole vyangu vina haraka kuliko kichwa, lakini vidole hivyohivyo ndivyo vilivyonifikisha Vienna, ambako niliwapigia watu wetu wanaofanya kazi kule mpaka taa za vioo za darini zikaanza kuyumba zenyewe, polisi waliokuja kutuzima wakavua kofia wakaingia kwenye kolo, ngoma yetu ya duara, wakashikana mikono na mafundi bomba na wafagiaji, na mmoja wao mpaka leo ananitumia kadi ya Pasaka. Kuna watu hapa wanasema haikuwa hivyo. Hao hawakuwepo.

Sasa shida yenyewe. Dada yangu Slavka ana binti mmoja, Iskra, na Iskra ni mwimbaji, si mwimbaji wa harusi kama sisi, ni wa hawa vijana wa siku hizi, ule wimbo wake wa mvulana aliyemwacha kwenye kituo cha basi ulipigwa kila duka la viatu nchini mpaka wauza viatu wakaomba likizo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, nikamlea kwenye goti moja na kodiani kwenye goti jingine, muziki nilimfundisha mimi, kupumua nilimfundisha mimi, hata sauti nadhani alirithi kwangu, ingawa dada yangu anasema mimi nikiimba ni kama mlango wa zizi. Bendi yake ni sisi: mimi kwenye kodiani, Gvozden kwenye ngoma, na mpiga gitaa mmoja anayetoka mji wa jirani ambaye hasemi.

Majira ya baridi yaliyopita Iskra alitunga wimbo mpya. Wewe ni mtu wa magazeti, unajua yaliyoupata mto wetu Jasenka: walikuja watu na mashine, wakautia kwenye mabomba kule juu mlimani ili wapate umeme, na huku chini kimebaki kijito cha bata kunawia miguu. Mto ule, Shangazi, enzi zangu nilinasa samaki mle mrefu kama mlango wa kanisa, akanivuta mpaka kijiji cha tatu, nikarudi kwa basi na yeye akaendelea na safari zake. Sasa Januari hii, siku ya kuuogelea msalaba, padri alipoutupa majini vijana wakavua nguo kwenye baridi ile ya kupasua mawe, wakaruka, wakasimama. Maji kwenye vifundo vya miguu. Wakatembea mpaka ulipo msalaba wakauokota kama mtu anavyookota ufunguo uliomdondoka. Hakuna aliyecheka. Iskra alikuwa pale ukingoni na mama yake, akarudi nyumbani akaandika.

Muziki wake ni wa kuchezeka, siukatai, lakini ubeti wa pili unasema hivi:

Msalaba wa Januari wavulana waliuendea kwa miguu,
nani aliyekunywa mto wetu, akafuta mdomo, akatazama juu?

Aliuimba mwenyewe kwenye simu, ukasambaa mji mzima. Hakutaja jina. Na kwetu hakuna haja ya kutaja, kwa sababu mabomba yale yalipigiwa sahihi na meya, na meya ni Velimir. Halafu upo ubeti wa tatu, wa mke wa meya, jinsi anavyoelea kama boya kwenye bwawa lake la kuogelea wakati mto umekauka, huo sikuandikii wote, ila mke wangu Persida alipousikia mara ya kwanza alimwaga kahawa kwa kucheka.

Na Velimir ni kum wangu. Hapo ndipo penye mfupa. Ndiye aliyesimama nami kanisani nilipooa, ndiye aliyembeba binti yangu kwenye maji ya ubatizo, baba yake alikuwa kum wa baba yangu na babu yake kum wa babu yangu, na wewe unajua kama ninavyojua mimi kwamba kwetu mtu anaweza kugombana na ndugu yake wa tumbo moja juu ya mpaka wa shamba mpaka wote wawili wakaingia kaburini, na watu wakaelewa, lakini kum hagombezwi, hakataliwi, na ukimvunjia neno hata mbwa wa jirani wanakuangalia vingine.

Siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, Mtakatifu Joji, mlango ulikuwa wazi kama desturi, hakuna anayealikwa siku hiyo na hakuna anayefukuzwa, na kum akaja na mkewe. Akajipiga ishara ya msalaba, akala kijiko chake cha ngano ya kuchemsha ya mtakatifu, tukakata mkate pamoja, tukaibusu picha ya mtakatifu, tukakaa. Watu wakala, wakanywa, wakaaga, mpaka tukabaki wanne mezani, mimi na Persida, yeye na mkewe. Nikammiminia rakia yangu mwenyewe, pombe kali ya plamu, ile ambayo nilimtilia jirani kwenye trekta ilipoisha dizeli na trekta likafika Belgrade bila dereva. Kum hakuigusa. Akasema:

"Kum Radojko, huyu binti ana nini na mimi?"

"Nani, Iskra? Mtoto tu yule, kum. Kelele za ujana."

"Jana watu wamepita getini kwangu na baiskeli wananiuliza nani aliyekunywa mto."

"Si wewe, kum. Wewe maji hunywi kabisa."

Persida akacheka, mke wa kum akacheka kidogo, kum hakucheka.

"Mwimbaji aimbe mapenzi," akasema. "Mapenzi yamekosa nini? Ameachwa, amerudiwa, macho meusi, macho ya bluu, hayo hayaishi mpaka kiyama. Mimi sipandi jukwaani kumfundisha kuimba. Naye asipande kunifundisha umeya."

"Na mimi, kum," akasema mkewe, anaangalia kitambaa cha meza, "nilimkosea nini yule mtoto? Gauni lake la kwanza la kuimbia nilimpa mimi."

Hapo nikakosa pa kuweka macho. Na nakwambia ukweli, Shangazi, nilimuunga mkono kum, maana nilikuwa nafikiri kama yeye, na mpaka leo nusu yangu inafikiri hivyo, kwamba mwanamuziki ni kama mwoka mikate, mkate hauna chama, ukumbini wanakuja watu wa vyama vyote na kila mmoja ana miguu miwili ya kucheza, ukianza kuwachagulia nani kanywa mto na nani kala daraja nusu wanavaa makoti wanaondoka, na mimi katika maisha yangu yote sijawahi kuingiza siasa kwenye kodiani, hata kwenye kampeni ya kum, nilipopiga juu ya trela la trekta lenye bendera zake kutoka kijiji hadi kijiji mpaka ng'ombe wakaacha malisho wakatufuata, nilipiga nyimbo za furaha tu. Hilo nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

"Jumamosi ni Siku ya Mji," akasema. "Wanakuja wakubwa, inakuja televisheni. Wimbo ule usisikike."

"Ukimkataza ataimba mara mbili."

"Ndiyo maana simkatazi. Nakuuliza wewe. Kodiani ya nani ile kwenye bendi?"

"Yangu."

"Inaweza nini?"

Mdomo wangu, Shangazi, ndipo uliponiponza. Mtu asiniulize kodiani yangu inaweza nini. Nikamwambia niliwahi kuipiga kwenye mazishi na marehemu akachezesha kidole gumba cha mguu, mjane ni shahidi, na hakuna wimbo duniani unaoweza kusimama mbele yake, nikianza kolo hata padri anashika mikono ya watu, hata jukwaani angekuwa anaimba malaika mwenyewe usingesikia kitu ila vishindo vya miguu.

"Basi," akasema kum, polepole, "akifika kwenye ubeti ule, anzisha kolo."

Nikamwangalia Persida, Persida akaangalia sahani. Kum akainua glasi kwa mara ya kwanza usiku wote, akaishika hivyo hewani mbele ya mshumaa wa mtakatifu, akingoja. Nikagonga.

Walipotoka Persida alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo.

"Ulipogonga glasi ile," akasema, "ulimgonga mtoto wa Slavka."

"Ni wimbo mmoja, Persa. Kolo haijawahi kuua mtu."

"Kama haiui, chukua simu umwambie."

"Nitamwambia."

"Sasa."

"Amelala."

"Mwimbaji yule? Alale saa hii? Wewe mtu, una uongo wa kila rangi, na leo umetumia ule uliofifia."

Sikupiga simu. Jumatatu tukafanya mazoezi kwenye gereji ya Gvozden, na nilikuwa nimepanga kumwambia, nilikuwa nimeandaa hata maneno, lakini alipofika kwenye ubeti wa pili Iskra alinyoosha mkono akatusimamisha.

"Hapa wote mnyamaze," akasema. "Gvozden, vijiti chini. Gitaa pia. Abaki mjomba peke yake, sauti moja ndefu, kama mtu anavuta pumzi. Nataka maneno yafike mpaka nyuma kwa wachoma soseji."

Gvozden akaweka vijiti chini. "Mimi mke wangu yuko dirisha la vibali pale manispaa," akasema. "Kwa hiyo maneno sisikii, napiga ngoma tu. Masikio yangu mabovu tangu jeshini."

"Nakuelewa," Iskra akamwambia. Akanigeukia mimi. "Na wewe mjomba, kama unaogopa sema sasa, nitaimba bila chombo. Naweza."

"Niogope mimi? Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu aliyempigia jenerali wimbo uliokatazwa," akasema, anatabasamu. "Watu wote nimewaambia. Wimbo huu umetoka kwenye hadithi ile, hukujua?"

Sikujua. Habari hiyo ni ya kweli kabisa: nilikuwa askari, miaka ile kulikuwa na nyimbo ambazo ukizipiga unapigwa na wewe, jenerali akaja kukagua kambi, na mimi mbele ya kikosi kizima nikampigia wimbo wa babu yangu, ule uliokatazwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, kambi ikaganda, hata bendera ikaacha kupepea, na jenerali akalia mpaka medali zake zikashika kutu, akavua kofia yake akanivisha. Iskra alipokuwa mdogo alikuwa hali bila kusimuliwa hiyo.

Akashika kipaza sauti. "Upo, mjomba?"

"Nipo," nikasema.

Tukapiga wimbo mzima. Pale penye sauti moja nilitoa sauti moja, Shangazi, nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na yeye akafumba macho akaimba kwa utulivu kama mtu anayejua ukuta uko nyuma yake.

Sasa nisaidie. Nikianzisha kolo, mtoto atabaki mdomo wazi mbele ya televisheni na uwanja mzima ukiruka, na hata mama yake atashikwa mkono avutwe kwenye duara. Nisipoianzisha, nimemvunjia kum neno nililogongea glasi mbele ya mshumaa, na Jumapili nitakutana naye kanisani, na kila Jumapili mpaka nife. Nikikaa mezani kidole changu kinakwenda chenyewe juu ya kitambaa, kinatafuta kitufe ambacho kolo inaanzia, na Persida ananiona.

Kwa hiyo swali langu ni hili, na ulijibu kama mtu mwenye elimu: je, waimbaji wa nyimbo za kuchezea watie siasa kwenye nyimbo zao, au wawaachie wanasiasa? Maana ukisema wasitie, basi mimi ninafanya jambo jema, na nitalala.

Ni mimi Radojko, Kodiani ya Kwanza ya bonde zima.

*Shangazi Olga anajibu:*

Radojko, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, pamoja na samaki wako. Jibu hili nampa dereva wa basi la asubuhi akukabidhi mkononi, na gazetini litatoka wiki ijayo, Jumamosi ikishapita. Majina nimeyabadilisha yote, lako na la mto. Najua ulitaka herufi kubwa. Hapana.

Kwanza pole, na nasema kwa moyo. Mimi nina kum ambaye hatujakubaliana neno lolote tangu alipombatiza mwanangu, na kila mwaka anakuja, namkatia mkate, namwekea kitoweo kilicho bora. Kwa hiyo sitakucheka kwa kutetemeka. Anayesema ni rahisi hajawahi kuwa na kum.

Lakini umeniletea swali kubwa ili nisikuulize dogo. Haya, kubwa nalijibu. Mwimbaji aimbe alichokiona. Akiona macho ya bluu, aimbe macho ya bluu, na asiyekuwa na la kusema juu ya serikali anyamaze kwa amani, mashabiki wasimsukume. Mpwa wako aliona vijana wanatembea mahali walipokuwa wakiogelea. Ulitaka aimbe nini, kituo cha basi tena? Na akishaimba, awe tayari kuzomewa, kwa sababu waliompa Velimir kura nao watakuwa pale uwanjani, wana masikio, wana midomo, na mto ule ulikuwa wao pia. Wengine watampigia makofi, wengine watampa mgongo waende kununua soseji. Hayo ni kati yake na wao. Wewe katikati hapo unatafuta nini?

Habari ya mkate usio na chama usiniletee, Radojko. Ulikaa juu ya trela lenye bendera za Velimir ukampigia kijiji kwa kijiji, na siku ile hukumwandikia mtu barua kuuliza kama mwanamuziki anaruhusiwa. Ukimsifu mkubwa unaita furaha. Mtoto akimuuliza mkubwa swali unaita siasa. Kodiani yako ina chama tangu siku ile, ila kwa kuwa ni chama cha aliye madarakani hukusikia uzito wake.

Sasa dogo. Kum ana haki ya kukuomba usimame naye kanisani, hospitalini, hata mahakamani. Hana haki ya kukuomba umzime mtoto wa dada yako kwa nyuma. Hilo aliliomba meya, akiwa amekalia kiti cha kum na mshumaa umewaka, na wewe ukashindwa kuwatenganisha kwa sababu alikusifia chombo chako. Ungemwahidi kondoo wako, rakia yako, mgongo wako kwenye mavuno yake, ningekwambia timiza hata ukiugua. Mdomo wa Iskra hukuwa wako wa kuahidi. Ahadi ya mali ya mtu mwingine haitimizwi, inarudishwa.

Tena umechagua silaha mbaya kuliko zote. Ungemtukana, angekujibu. Ungegoma, angetafuta mwingine. Lakini kolo? Watu wanashikana mikono kwa sababu wanaamini wameitwa kufurahi, na wewe unataka kuitumia imani hiyo wamkanyage mtoto bila wao kujua. Hawatajua. Yeye atajua. Atasikia kitufe cha kwanza, na hatageuka nyuma, kwa sababu kidole hicho anakifahamu tangu utotoni.

Kuhusu jenerali: nimeandika safu hii muda mrefu, na jenerali huyo ameshalia mbele ya wapiga kodiani kadhaa na mpiga tarumbeta mmoja, kila mara kambi tofauti. Sikuulizi. Msichana ameiamini na ametunga wimbo kwa nguvu yake, na wimbo ni mzuri. Kama habari ni ya kweli, unajua namna ya kufanya. Kama si ya kweli, Jumamosi utaifanya kwa mara ya kwanza.

Basi sikiliza.

Alhamisi jioni nenda nyumbani kwa Velimir, siyo ofisini kwake. Nenda na Persida, maana mbele yake uongo wako unafifia, hilo umeliandika mwenyewe. Rakia ukimiminiwa iache mezani mpaka umalize. Mwambie, "Kum, nilikuahidi kisichokuwa changu. Nakirudisha. Sitaanzisha kolo." Kisha nyamaza. Usimweleze Vienna, usimweleze marehemu wa kidole gumba. Atakasirika, huenda akakufungulia mlango utoke, na wewe utatoka na utamwita kum ukiwa mlangoni. Na siku ya mtakatifu wake utakwenda, haaliki mtu na hafukuzi mtu, utakula ngano yake hata asipokutazama. Kum akinuna haachi kuwa kum. Hata akinuna miaka mitatu, ni kitu gani kwa familia ambazo babu zao wamekatiana mkate?

Ukitoka hapo usiende nyumbani. Nenda kwa Slavka, mkalishe Iskra, mwambie yote, na glasi uliyogonga. Usimwambie kwa mzaha. Hatakubusu, usitegemee. Akisema hakutaki jukwaani, kubali, ni haki yake, mbebee vipaza sauti. Akisema anakutaka, hapo tu ndipo umwombe jambo moja, kwa kuomba, siyo kama mzee wa bendi: ubeti wa boya autoe. Mabomba yalipigiwa sahihi na meya. Mwili wa mke wa meya haukupiga sahihi mahali popote, na mwanamke yule alimpa gauni. Akikataa, wimbo ni wake. Ila najua wengi watakaocheka ubeti huo kesho yake watakuwa wamesahau mto.

Gvozden naye aambiwe wazi kabla ya Jumamosi. Masikio mabovu hayatamlinda mkewe pale dirishani. Achague mwenyewe kupiga au kukaa, na akikaa asionekane mwoga, wewe na Iskra mhakikishe hilo.

Yakishatimia hayo, panda jukwaani, na pale pa sauti moja toa sauti moja.

Na kama Alhamisi ikifika ukaona miguu haikubebi kwa Velimir, basi usipande kabisa. Lakini hata hapo usijifanye mgonjwa. Mwambie Iskra kwa mdomo wako kwamba humpigii, ili aimbe bila chombo kama alivyosema anaweza. Atakulilia, au atakutukana, halafu atapanda pale peke yake akijua hasa nani yuko nyuma yake. Hilo usimnyime.

Alhamisi, Radojko. Siyo Jumamosi asubuhi.